Tai Juu ya Kaburi la Apolonia

Szczecin, 6 Septemba 1969

Kwa Baba Paroko wa Olszowa Wola,

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba, mimi ni Zenon Wrzosek, mchomeleaji wa vyuma katika kiwanda cha meli hapa Szczecin. Septemba ile ya vita tulikuwa tunakimbia na gari la farasi kutoka upande wa Konin: mimi, mama, mdogo wangu Lucynka, na mjomba aliyeshika hatamu. Ndege zikatukuta barabarani karibu na mto Bzura. Mama na Lucynka walifia palepale. Walizikwa kesho yake katika makaburi ya kanisa pamoja na askari wetu. Nilikuwa na miaka tisa, na jina la kijiji sikulijua. Mjomba hakukubali kuzungumzia habari hiyo maisha yake yote. Ni Pasaka hii tu, akiwa kitandani na hali mbaya, alipogeukia ukuta akasema, "Olszowa Wola." Hakuongeza neno.

Mama aliitwa Apolonia. Sina ombi kubwa. Nataka kujua kama kaburi lao lipo, na ni lipi.

Zenon Wrzosek


Olszowa Wola, 13 Septemba 1969

Mheshimiwa Bwana Wrzosek,

Milele amina.

Kwa niaba ya Baba Paroko ninakujulisha kwamba barua yako imepokewa. Katika makaburi ya parokia yetu wamelala askari waliokufa katika mapigano ya mwaka 1939. Makaburi yao yamejengwa upya kiangazi hiki kwa misalaba ya zege, na Mhashamu Askofu ameibariki. Raia hawamo. Baba Paroko anakushauri uulize katika parokia za jirani, na anakuahidi sala zake.

G. Maciejak
Ofisi ya Parokia


Szczecin, 21 Septemba 1969

Bibi Maciejak,

Niwie radhi kukusumbua tena. Naona kwa mwandiko wako kwamba wewe ni mwanamke wa ofisi wa siku nyingi, na labda u rika moja na mama, kama angekuwa hai. Kwa hiyo nakuandikia wewe, si Paroko.

Parokia za jirani nilikuwa nimeshaziuliza. Wote waliojibu walisema jambo moja: maiti wa barabara ile walipelekwa kwenu.

Nakumbuka ukuta wa mawe unaopinda kama kiwiko. Askari walikuwa wamelazwa katikati, na sisi watu wa barabarani tulipewa nafasi kando ya ukuta. Mjomba aling'oa ubao wa ubavuni mwa gari letu akaukata vipande viwili, akapigilia msalaba. Baba alikuwa amelipaka gari lile rangi ya buluu kabla ya kuitwa jeshini. Ilikuwa rangi ya mizinga ya nyuki, ndiyo iliyokuwapo nyumbani. Jina halikuandikwa, hatukuwa na cha kuandikia. Mjomba alisema, "Utaujua kwa rangi."

Najua mbao huoza. Lakini waulize wazee wa hapo, Bibi. Hakuna aliyewahi kuona msalaba wa buluu?

Zenon Wrzosek


Olszowa Wola, 29 Septemba 1969

Bwana Zenon,

Barua hii siiandiki kwa niaba ya mtu. Paroko hajui, na nyumbani nimesema ninaandika hesabu za mishumaa.

Msalaba wa buluu ulikuwapo. Hakuna haja ya kuwauliza wazee, kila mtoto aliyesoma hapa anaujua. Kila vuli mwalimu alitupeleka makaburini kung'oa magugu, na kila mmoja alipewa kaburi lake la mwaka. Wote waligombania la buluu, la tatu kutoka pale ukuta unapopinda. Mimi sikugombania, sina mdomo wa kugombania kitu, ila mwaka mmoja nililipata. Niliupangusa msalaba kwa kitambaa chenye maji na rangi ikawa kama mpya. Nilikuwa na furaha kutwa nzima. Sikujua ni nani yumo.

Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba raia hawamo, nilijua si kweli. Paroko alisema, "Andika hawamo, yaishe," nami nikaandika. Nilirudia barua nzima kwa sababu ya tone moja la wino, ili uwongo uwe safi. Nikiufikiria ule usafi, nasikia kinyaa na mkono wangu mwenyewe.

Nikueleze ilivyokuwa. Mwaka huu ni wa thelathini, na kamati ya parokia ilitaka makaburi ya mashujaa yapendeze mbele ya Askofu. Fundi Kubiak, mjumbe wa kamati, akafyatua misalaba ya zege. Ina tai kifuani, nembo ya jeshi letu, na maneno ASKARI ASIYEJULIKANA. Ya katikati ilistahili. Lakini safu ya ukutani ni ya wakimbizi wa barabarani, na humo nayo wakasimika tai. Watoto wadogo wamekuwa askari. Nilimwuliza fundi, siku ile ile wanasimika, na sauti ikanitoka kama ya panya.

"Bwana Kubiak, hawa si walikuwa raia?"

"Kalibu ya kufyatulia ninayo moja, binti. Nifanyeje, nimnyonyoe tai?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Watu wa barabarani hao, nani atawadai?" Kubiak akajibu, "Tena wamepandishwa cheo, washukuru."

Nikacheka nao. Sijui kwa nini. Wakicheka wakubwa, mimi hucheka.

Sasa sehemu ambayo sitaki kuiandika. Barua yako ya pili ilipofika nilikwenda jikoni kwa Mama Stefania, mpishi wa Paroko, kumwuliza misalaba ya zamani ilitupwa wapi. Nilidhani naweza kukutafutia hata kipande. Alikuwa anakata kabichi ya kuchachua.

"Itupwe? Mti mkavu namna ile utupwe? Umerogwa, mwanangu?"

"Sasa iko wapi, Mama?"

Akaelekeza kisu kwenye jiko. "Humo. Ilitosha keki zote za Askofu na supu juu yake. Ila ule wa buluu, uuuwi! Rangi ilitoa mapovu, moshi ukanuka kama paka aliyeungua, nikafungua madirisha yote. Nusura uniharibie keki ya tufaha."

Nilikula keki ile, Bwana Zenon. Niliongezewa, na nikamwambia Mama Stefania kwamba hajawahi kuoka nzuri kuliko hiyo. Nilitoka jikoni nikaenda nyuma ya banda la kuku. Najua ilikuwa imepita mwezi, tumboni hakukuwa na kitu cha keki ile. Nilitapika hivyohivyo.

Hiyo ndiyo kweli. La tatu kutoka ukuta unapopinda.

Genowefa Maciejak


Szczecin, 5 Oktoba 1969

Bibi Maciejak,

Barua yako nimeisoma mara moja na sitaisoma tena. Mtu wa umri wako anacheka makaburini, anaambiwa aongope anaongopa, halafu ananiandikia habari za tumbo lake. Sikukuuliza kuhusu tumbo lako.

Miaka yote hii nilimlaumu mjomba kwa kunyamaza. Kumbe wakati nikimlaumu, ubao wa gari letu ulikuwa umesimama mvuani unanisubiri, nami nimechelewa kwa kiangazi kimoja. Mmeuokea keki.

Mwambie Paroko wenu amwondoe huyo tai. Mama aliogopa hata kuchinja kuku, alimwita jirani. Na Lucynka alikuwa hajajua kufunga kifungo.

Usiniandikie kama huna la kufanya.

Wrzosek


Olszowa Wola, 13 Oktoba 1969

Bwana Zenon,

Umeniita mtu wa umri wangu. Nina miaka kumi na minane. Nilimaliza shule Juni, na ofisini nipo kwa sababu ya mwandiko tu. Sisemi hivi ili unihurumie. Nataka ujue unamkasirikia nani.

Umesema nisiandike kama sina la kufanya. Nimefanya hili: nimekwenda kwa Paroko. Nilikaa nje ya mlango hadi mbwa wake akazoea kunilalia miguuni. Nilipoingia alikuwa anakula yai la kuchemsha.

"Baba, Bwana wa Szczecin anasema mama yake ni wa tatu ukutani. Ni kweli. Ulikuwa msalaba wa buluu."

"Kumbe unaandikiana naye."

"Ndiyo, Baba."

"Gienia, Gienia." Ndivyo wanavyoniita hapa. Aliendelea kula. "Askofu amebariki safu ya mashujaa. Unataka nimwandikie kwamba alimbariki kwa heshima za kijeshi mama mmoja wa shambani?"

"Na watoto, Baba."

"Mbinguni hakuna sare za jeshi. Mungu anamjua kila mmoja."

"Basi Mungu hahitaji maandishi, Baba. Anayehitaji ni Bwana Zenon."

Sijui nilitoa wapi hayo. Alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. Kiini cha yai kilikuwa kimeganda mdomoni mwake. Alikifuta kwa kidole, akakitazama kidole, akakilamba. Akaniambia nikapange vitabu vya nyimbo. Bwana Zenon, tangu utoto nimeubusu mkono ule.

Nyumbani mambo yakawa yameshafika kabla yangu. Baba yangu alisema, "Unatutia aibu kwa ajili ya mtu usiyemjua?" Nikamwambia namjua sasa. Akasema, "Kubiak ndiye atakayetujengea ghala. Akili hizo za shule zitunze kwa mumeo." Mama alinong'ona tu, "Kula mwanangu, kula." Siwezi. Mkate wa nyumbani kwetu naunusa kwanza, nikijiuliza umeokwa kwa kuni zipi.

Kuna jambo moja limebaki, na linahitaji ridhaa yako. Nadhani hata huko Szczecin mnafanya: siku ya Watakatifu Wote watu huleta majina ya marehemu wao, Paroko huyasoma makaburini mbele ya wote, na wote huwaombea. Hapa kwetu kila jina lina kadi yake, na kadi zote nazinakili mimi, kwa sababu Paroko hawezi kusoma miandiko ya watu. Ni nyingi mno. Anazisoma kwa kipaza sauti mbiombio kama anayefukuzwa na nyuki, na sidhani kama anasikia anachosoma. Mwaka jana alimwombea pumziko la milele Bwana Gajda, ambaye alikuwa amesimama mbele yake mzima, na mshumaa mkononi. Gajda aliitikia "Amina" pamoja nasi.

Niletee majina yao kamili na jinsi walivyokufa. Sitafanya chochote usipotaka.

Gienia


Szczecin, 20 Oktoba 1969

Gienia, binti yangu,

Nisamehe. Nilidhani nagombana na ajuza fulani mwenye funguo kiunoni. Kumbe nimemfokea mtoto, mtu pekee aliyenijibu ukweli.

Apolonia Wrzosek, wa ukoo wa Pietrucha, miaka thelathini na mmoja. Lucyna Wrzosek, miaka miwili. Waliuawa na ndege barabarani, mama akiwa amemlalia Lucynka. Haikusaidia.

Nimeomba ruhusa nije siku hiyo, lakini meli inashushwa majini na msimamizi amekataa. Amesema wafu hawaendi popote. Nilikuwa na mwali wa gesi mkononi, ikabidi niuzime kwanza nisije nikamgeukia nao.

Fikiria mara mbili, binti. Mimi niko mbali; wewe ndiye utakayeendelea kuishi nao. Ukiona ni bora kuacha, acha, na sitakuwa na kinyongo. Lakini kama utaandika, usiandike kwa upole.

Zenon


Olszowa Wola, 3 Novemba 1969

Kwa Bwana Wrzosek,

Nalazimika kukuandikia kwa mkono wangu kwa sababu parokia haina tena karani.

Siku ya Watakatifu Wote nilisoma kadi nilizowekewa, kama afanyavyo padre yeyote, kwa imani kwamba zimeandikwa kwa adabu. Nikajikuta, mbele ya parokia nzima na wageni kutoka mjini, nimekwisha kutamka kwamba Apolonia Wrzosek na Lucyna wa miaka miwili wamelala katika kaburi la tatu kutoka ukuta unapopinda, chini ya tai asiye wao, na kwamba msalaba wao uliunguzwa katika jiko la nyumba ya paroko kuokea keki. Kibaya zaidi, sauti yangu iliendelea yenyewe: "Ee Bwana, uwape raha ya milele." Na watu wakaitikia.

Katika miaka yangu yote ya upadre sijafedheheshwa namna hii. Binti huyo, tuliyemwona mpole, ametumia sala kama kombeo. Sidhani kama wewe, mtu mzima, huna lawama.

Kuhusu msalaba: umesimikwa kwa saruji, na kuuondoa kutaharibu mstari. Ukipenda kuleta kibao kidogo cha kuweka chini yake, kisichomzidi tai, kamati italifikiria.

Ninakuombea.

Paroko


Olszowa Wola, 9 Novemba 1969

Bwana Zenon,

Nimesikia Paroko amekuandikia, kwa hiyo yaliyotokea unayajua. Nikuambie yaliyofuata, na utanisamehe nikiandika vibaya, maana nimeacha kurudia barua.

 Baada ya "raha ya milele" nilisimama nyuma ya mama yangu nikitamani ardhi inimeze. Nilidhani watanipiga. Nilidhani labda watu watalia. Hakuna aliyefanya lolote. Kisha mama mmoja wa kijiji cha pili akauliza kwa sauti, "Keki zipi? Zile za Askofu?" Mumewe akamwambia, "Nyamaza, na wewe ulikula." Hapo watu wakaanza kutazamana midomo. Yule mama alifuta midomo yake kwa leso, akaitazama leso, akaitupa.

Nilitegemea nitafurahi. Sikufurahi, kwa sababu ya siku zilizofuata. Sasa kila mtu eti alijua tangu zamani. Fundi Kubiak anasimulia dukani kwamba alipinga kuweka tai kwenye safu ya ukuta ila kamati ilimlazimisha. Waliocheka naye wanasema hawakuwapo. Mwalimu wetu ameniambia, akinishika bega, "Mimi niliwafundisha kuheshimu kaburi lile." Alikuwa kwenye kamati, Bwana Zenon. Mama Stefania ameleta mshumaa mkubwa kuliko yote, wa kioo chekundu, akauweka mbele kabisa akiwasukuma wengine. Akanijia mlangoni kuomba anwani yako. Anataka kukutumia keki. Nilifunga mlango, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mtu akiwa bado anaongea.

Kaburi la mama yako halionekani kwa mishumaa. Mingine imewekwa juu ya mabega ya tai. Jana nilikwenda nikiwa nimeshakusudia kuupiga teke ule wa Mama Stefania, na mguu niliuinua. Kisha nikaona kwamba kulia kwake na kushoto kwake, kwenye safu ileile, hakuna hata mshumaa mmoja. Ukuta mzima ni giza, na linalowaka ni kaburi la hao wawili tu, kwa sababu walitajwa mbele ya watu, Paroko akaaibika. Watu hao wote wanaojua tangu zamani wamepita pale wakibeba mishumaa yao, wakawaruka wengine kama wanavyoruka tope. Sijui kama nimewahi kuchukizwa na kitu kama nilivyochukizwa na ile mishumaa yote mahali pamoja.

Niligawa. Nilichukua mmoja mmoja nikawekea misalaba yote kumi na mmoja ya ukutani, kila mmoja mshumaa wake. Huo wa kioo chekundu niliupeleka mwisho kabisa, kwenye kona. Mama Stefania aliniona akasema, "Huo wangu nimewawashia wale waliotajwa!" Nikamwambia, "Basi nitajie huyu." Akaondoka.

Nimefukuzwa kazi, hilo unalijua. Baba hasemi nami ila kupitia kwa mama. Sijali sana kama nilivyodhani nitajali. Linaloninyima usingizi ni hawa wengine. Wewe ulikuwa na mjomba aliyesema jina la kijiji kabla ya kufa. Wao labda hawana mtu aliyebaki. Lakini wewe ulikuwapo, Bwana Zenon. Ulisafiri nao barabara ile kabla ya ndege kuja. Najua ulikuwa mdogo. Jaribu. Nani alikuwa kwenye gari la mbele yenu? Nani alikuwa nyuma? Hata jina moja.

Gienia


Szczecin, 17 Novemba 1969

Gienia,

Nitafika Jumamosi kwa treni ya asubuhi. Misalaba nimeichomelea mwenyewe, ya chuma, miembamba, mmoja kwa kila kaburi la ukutani. Hakuna wawili wanaofanana, nimehakikisha. Nitaleta na nyundo kubwa. Kamati wanaweza kuja kutazama.

Nimekaa wiki nzima nikijaribu kukumbuka. Nyuma yetu hapakuwa na gari, alikuwapo mzee anayetembea kwa miguu, amebeba saa ya ukutani mgongoni, na kila alipojikwaa iligonga. Jina lake sikulisikia. Mbele yetu alikuwa mwanamke kijana kwenye baiskeli yenye mizigo, anaisukuma. Mama alimwita Kornelia; jina la ukoo silijui. Alikuwa na mbwa wa kahawia asiyetaka kutembea. Alinikatia nusu ya tango lake, akasema nusu nyingine ni ya mbwa, kisha akacheka akanipa na hiyo.

Waandikie kadi hivyohivyo.

Zenon